Kalibu ni ya Nani?

Nyuma ya karakana moja pale Kariobangi kuna kalibu sita za plasta zimefunikwa kwa turubai. Zimekaa hapo tangu kabla ya mvua ya masika. Fundi mwenye karakana amenipigia simu mara mbili. "Hizi vitu zenu mnakuja kuchukua lini?" Mara zote mbili nimemwambia wiki ijayo. Shida si gari la kuzibeba. Shida ni lile neno "zenu". Sisi wenyewe hatujakubaliana ni za nani.

Tulikuwa watu saba. Tulitaka kutengeneza mavazi ya kikosi cha askari wa Nairobi ya miaka mia tatu ijayo, tuyavae kwenye tamasha la vibonzo na bunilizi za kisayansi. Hatukutaka kukopi filamu ya mtu. Tulitaka yetu: kofia yenye paji pana kama kioo cha mbele cha matatu, kifua chenye mifuo kama bati la nyumba, mabega mapana. Mmoja wetu, nitamwita Mchongaji, alikaa karibu miezi miwili akichonga udongo usiku baada ya kazi. Mwingine, mwenye kazi ya mshahara, alinunua plasta, faiba na shiti za plastiki. Wawili walipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Dada mmoja aliyesomea ushonaji alikata mikanda na kutafuta namna ya kulifanya vazi lote likae mwilini bila kuanguka. Mmoja alipaka rangi. Mimi nilikuwa wa kukoroga plasta, kubeba, na kuosha ndoo.

Tamasha lilienda poa. Watoto walipiga foleni kupigwa picha nasi. Kisha kampuni moja ya matangazo ikatutafuta: wanataka askari watano wasimame mlangoni siku ya uzinduzi wa bidhaa fulani, na watalipa. Si pesa nyingi, lakini ni pesa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mchongaji alisema nusu ni yake. "Kalibu ni yangu. Toa mikono yangu, nyinyi mna nini? Mna shiti za plastiki." Mwenye mshahara akamjibu, "Na toa shiti zangu, wewe una nini? Una udongo." Wengine tulinyamaza, kila mtu akihesabu kimoyomoyo siku alizofanya kazi. Kazi ya matangazo ikapita. Kikundi cha simu kikanyamaza. Kalibu zikabaki chini ya turubai.

Nilidhani hili ni tatizo letu sisi watu saba tusio na mkataba. Nilipoanza kusoma historia ya kazi hii, nikakuta ugomvi wa aina hii hii ulishafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ukigombewa na mmoja wa watengenezaji filamu matajiri zaidi duniani na fundi mmoja wa plastiki wa pembeni mwa London. Na chanzo chake kilikuwa ni hicho hicho: udongo, kalibu, na swali la nani mwenyewe.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuona walichokuwa wakigombania.

Masonara na wahunzi wana neno kusubu: kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu yapate umbo. Sisi wa mavazi tuna njia mbili. Ya kwanza inafanana na ya sonara. Unachonga kitu kwa udongo, unakifunika kwa silikoni au plasta, ikishaganda unautoa udongo, na unabaki na uwazi wenye sura ya kile kitu. Humo unamimina rezini, au unapaka faiba tabaka kwa tabaka. Kitu kikikauka unakitoa, kalibu inabaki, unaanza kingine.

Njia ya pili ni ya kufyonza hewa. Hapa kalibu haina uwazi. Ni umbo gumu, la plasta au faiba au mbao, linalowekwa juu ya meza yenye vitundu. Shiti ya plastiki, unene wa milimita 2 hivi, inabanwa kwenye fremu na kupashwa moto mpaka inalegea na kubonyea katikati kama turubai lililojaa maji ya mvua. Halafu inashushwa juu ya umbo, mashine inafyonza hewa kwa chini, na kwa sekunde chache tu plastiki imelikumbatia umbo lote. Inapoa, unaibandua, unakata kingo. Vazi la askari mzima linahitaji vipande vingi vya namna hiyo: kifua, mgongo, tumbo, mabega, mikono ya juu na ya chini, mapaja, miguu.

Uzuri wa njia hii ni wepesi na bei. Ukishakuwa na kalibu, kofia ya hamsini haikusumbui kuliko ya pili. Ubaya wake ni kwamba plastiki haiwezi kujikunja chini ya umbo, maana haitabanduka. Ndiyo maana kofia hutolewa vipande, uso peke yake na kisogo peke yake, kisha huunganishwa masikioni. Na kila kona kali hutoka imelainika kidogo. Mchongaji hukata kingo kama wembe, plastiki inazirudisha zimekuwa butu. Mchongaji wetu aliumia sana alipoiona kofia ya kwanza. "Hii si yangu," alisema. Miezi miwili baadaye alisema ni yake nusu. Simcheki. Nadhani zote mbili zilikuwa kweli.

Sasa turudi nyuma, mwaka 1975. George Lucas, Mmarekani aliyekuwa akihangaika na hadithi ya vita vya anga za mbali, alimwajiri mchoraji aitwaye Ralph McQuarrie ili studio iweze kuona kwa macho kile alichokuwa akikiandika. McQuarrie alikuwa amewahi kuchora michoro ya kiufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Katika picha zake walitokea askari weupe tupu, kofia zimefunika uso wote. Filamu hiyo ndiyo Star Wars, na askari hao ndio Stormtroopers. Jina lenyewe lilitoka kwa vikosi vya mashambulizi vya Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mbunifu wa mavazi alikuwa Mwingereza, John Mollo. Kabla ya hapo Mollo alijulikana zaidi kama mtaalamu wa historia ya sare za kijeshi. Alikuwa ameandika vitabu juu yake na kushauri filamu za vita vya kale. Kwa hiyo mtu aliyesimamia mavazi ya askari wa kubuni alikuwa mtu aliyejua jinsi askari wa kweli walivyovalishwa karne baada ya karne. Alijua kwamba sare si nguo tu, ni njia ya kumfanya mtu mmoja aonekane ni sehemu ya ukuta. Mtu yeyote aliyewahi kusimama barabarani akawaona askari wa kutuliza ghasia wakija wamejipanga, vioo vya kofia vimeshushwa, anaijua hofu hiyo. Huogopi mtu. Unaogopa kutomwona mtu.

Lakini picha ya McQuarrie ni karatasi. Upigaji filamu ulipangwa kuanza Tunisia Machi 1976, kisha kuendelea katika studio za Elstree karibu na London, na muda ulikuwa mfupi. Mtu alihitajika kuigeuza karatasi iwe kitu cha kuvaliwa, na si mtu mmoja. Kwa upande wa vazi la mwili, mchongaji kijana aitwaye Brian Muir alichonga vipande vya deraya kwa udongo. Huyo huyo ndiye aliyechonga uso wa Darth Vader. Kwa upande wa kofia, kazi ilimfikia Nick Pemberton, aliyekuwa akifanya kazi za mapambo ya jukwaa kwa kujitegemea. Pemberton alitengeneza umbo la kofia kwa udongo kufuatana na michoro ya McQuarrie. Ila hakuwa na mashine ya kulitoa kwa plastiki. Alikuwa na rafiki mwenye mashine.

Rafiki huyo ni Andrew Ainsworth. Alikuwa na karakana yake Twickenham, na kazi yake ilikuwa kufinyanga plastiki kwa kufyonza hewa. Alitengeneza vitu kama mitumbwi midogo na mabwawa ya bustani. Ukimweka Kariobangi leo asingekuwa mgeni. Ainsworth alitengeneza kalibu kutokana na umbo la Pemberton, akatoa kofia kadhaa za majaribio, zikapelekwa kwa Lucas, na ilipokubaliwa ya mwisho akatengeneza 50 kwa ajili ya filamu. Baadaye akapewa na vipande vya deraya avitoe kwa plastiki pia.

Hesabu mikono iliyopita hapo. Lucas aliwaza na kulipa. McQuarrie alichora. Mollo alisimamia. Pemberton na Muir walichonga. Ainsworth alitengeneza kalibu na kufyonza. Kisha kuna wale ambao majina yao hayatajwi popote: waliokata kingo, waliofunga mikanda, na vijana waliovaa. Vazi halikuwa na raha. Ukilivaa kuketi ni shida, na matundu ya macho hukuonyesha kipande tu cha dunia. Katika filamu yenyewe kuna askari mmoja anayeingia chumbani pamoja na wenzake akagonga kichwa chake juu ya mlango, na kosa hilo likaachwa. Watu wameicheka sehemu hiyo kwa miongo. Mimi niliyeshuka ngazi za ukumbi nimevaa kofia yetu, nikimshika bega mtu wa mbele, sicheki sana.

Filamu ilitoka Mei 1977 na ikawa kile ilichokuwa. Mollo alipata tuzo ya Oscar ya mavazi mwaka 1978. Lucas alikuwa amejihifadhia haki za bidhaa zinazotokana na filamu, jambo ambalo studio haikuliona kuwa la maana, na vinyago, nguo na vifaa vya kuchezea vikamtajirisha kuliko tiketi. Karakana ya Twickenham iliendelea na kazi zake. Kalibu zikabaki pale. Hakuna aliyezijia.

Hapa historia inagawanyika njia mbili, na ndipo mimi nilipoacha kusoma kwa burudani nikaanza kusoma kwa hamu.

Njia ya kwanza ni ya mashabiki. Mwaka 1997 Star Wars ilirudishwa kwenye kumbi za sinema. Huko South Carolina, Marekani, kulikuwa na jamaa aitwaye Albin Johnson, ambaye miaka michache kabla alikuwa amepoteza mguu kwa ajali ya gari. Yeye na rafiki yake Tom Crews walijipatia mavazi ya Stormtrooper wakaanza kwenda nayo kwenye maonyesho. Johnson ameeleza kwamba alipokuwa peke yake watu walimwona kama kichekesho, lakini walipotokea wawili hali ilibadilika. Ukiwa mmoja wewe ni mtu aliyevaa plastiki. Mkiwa wawili mmekuwa kikosi. Wakaanzisha kundi wakaliita 501st Legion, wengine wakajiunga kutoka mbali, na leo lina wanachama zaidi ya elfu kumi katika nchi nyingi. Tarehe 1 Januari 2007 karibu mia mbili kati yao waliandamana katika gwaride la maua la Pasadena, California, nyuma ya Lucas mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa heshima wa gwaride.

Kundi hilo lilijiwekea sheria mbili ambazo natamani tungezijua mapema. Ya kwanza: vazi lako ni jukumu lako. Hakuna ghala la mavazi. Unatafuta vipande, unakata, unagundisha, unarekebisha, na kabla hujapokewa unatuma picha zako zikaguliwe. Wanakagua mpaka upana wa mkanda na rangi ya kioo cha macho. Ya pili: hawavai kwa faida. Mtu akitaka waje kwenye shughuli yake, wanaomba atoe mchango kwa shirika la hisani. Binti yake Johnson, Katie, alipougua saratani ya ubongo, mashabiki waliungana kumtengenezea roboti ya rangi ya waridi iliyopewa jina R2-KT. Mtoto alifariki mwaka 2005. Roboti bado inazunguka mahospitalini na kwenye michango, na ilionekana hata kwenye filamu ya mwaka 2015.

Inachekesha kidogo, kama ukifikiria. Vazi lililobuniwa ili kuficha mtu, la askari wa dola dhalimu, limegeuka kuwa sababu ya watu kujuana kwa undani. Na ukitengeneza unaelewa kwa nini. Kalibu ni moja lakini miili si mmoja. Vipande vikitoka mashineni vinafanana kama mayai, halafu kazi yenyewe inaanza: huyu mapaja yake ni manene, inabidi kuongeza ukanda wa plastiki nyuma. Yule ni mfupi, deraya ya mguu inamchoma gotini, kata sentimita mbili. Katika filamu ile ya kwanza, binti mfalme anamtania shujaa aliyejificha ndani ya vazi hilo kwamba ni mfupi mno kuwa askari wa kikosi. Ili watu saba waonekane sawa ilitubidi tumpime kila mmoja peke yake. Nilijua mzunguko wa paja la Mchongaji kabla sijajua jina la mamake.

Tena mashabiki hawa wana dhambi moja wasiyoisamehe kirahisi: kununua deraya ya mtu, kuitengenezea kalibu, na kuanza kuuza nakala. Sababu moja ni heshima. Nyingine ni ya kiufundi. Nakala iliyotolewa kwenye nakala hupoteza makali ya kingo, na vipimo hubadilika kidogo kila mara. Ndiyo maana hufuatilia nasaba ya deraya kama watu wanavyofuatilia ukoo: hii ilitoka kwenye vazi lipi, na lile lilitoka kwenye kalibu ipi.

Njia ya pili ni ya mahakama. Mwaka 2004 Ainsworth, akiwa na vifaa vyake vya awali, alianza kutengeneza tena kofia na deraya na kuwauzia watu. Baadhi zilinunuliwa Marekani. Mahakama baadaye ilitaja kwamba mauzo ya huko yalikuwa angalau dola 8,000 na si zaidi ya dola 30,000. Lucasfilm ilimshtaki California. Ainsworth hakuendelea kujitetea huko, na mwaka 2006 mahakama ikaamuru alipe dola milioni 20. Soma tena tarakimu hizo mbili, polepole.

Lakini hukumu ya Marekani haimfikii moja kwa moja mtu aliyekaa Twickenham. Ikabidi kesi isikizwe Uingereza. Na hapo swali likawa moja ambalo mwanafunzi wa sanaa angelipenda: je, kofia ya Stormtrooper ni sanamu? Sheria ya hakimiliki ya Uingereza hulinda kazi ya uchongaji kwa muda mrefu sana, maisha ya msanii na miaka 70 baada ya kifo chake. Lakini vitu vya matumizi vinavyotolewa kwa wingi vina ulinzi mfupi zaidi, na kwa kofia hizi muda huo ulikuwa umeshapita.

Jaji Mann wa Mahakama Kuu, mwaka 2008, alitoa mfano ambao nimekuwa nikiwasimulia watu kwenye matatu. Rundo la matofali likiwekwa Tate Modern, lile jumba la sanaa la London, kwa wiki mbili, linaweza kuwa sanamu. Rundo lile lile likimwagwa mbele ya nyumba ya jaji likisubiri ujenzi si sanamu. Kinachotofautisha ni kusudi. Kofia ilitengenezwa kwa kusudi gani? Ili mwigizaji aivae filamu ipigwe. Kwa hiyo si sanamu. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye mwaka 2009, na tarehe 27 Julai 2011 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Majaji walisema kazi ya sanaa ilikuwa filamu yenyewe. Kofia ilikuwa kifaa katika kuitengeneza, na kuita sanamu kofia ya kijeshi iliyotumika kupiga filamu hakuendani na matumizi ya kawaida ya lugha.

Magazeti yaliandika kana kwamba fundi mdogo amemwangusha jitu. Nami nilipoanza kusoma nilishangilia hivyo hivyo. Lakini ukisoma mpaka mwisho ushindi unapungua. Mahakama ya Juu ilisema pia kwamba mahakama za Uingereza zinaweza kusikiliza madai ya kuvunja hakimiliki ya Marekani, kwa hiyo kwa yale mauzo ya Marekani Ainsworth hakupona. Na mapema, Mahakama Kuu ilikuwa imekataa dai lake kwamba yeye ndiye aliyeibuni kofia. Umbo lilikuwa la Pemberton, likifuata mchoro wa McQuarrie. Na hata kama Ainsworth alichangia kitu chake mwenyewe katika ubunifu, haki ya mchango huo ilikuwa ya walioagiza kazi.

Kwa hiyo fundi aliruhusiwa kutumia kalibu nyumbani kwake, lakini hakuruhusiwa kusema kazi ni yake. Na Pemberton na Muir, waliotia mikono yao kwenye udongo, hawakuwa wakipigania chochote pale. Walikuwa mashahidi wa historia yao wenyewe. Sheria ilikuwa inatafuta mwenyewe mmoja, kwa sababu sheria inahitaji mtu wa kumwandikia hundi au wa kumdai. Haikuulizwa kofia ilipita mikononi mwa nani na nani.

Hilo ndilo nililokuwa natafuta bila kujua. Sisi saba tulikuwa tunaigiza kesi ile ile. Mchongaji alidai kama msanii: umbo ni langu. Mwenye mshahara alidai kama Lucas: nimelipia. Fundi wa Kariobangi angeweza kudai kama Ainsworth, maana mashine ni yake na kalibu ziko kwake. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa anaeleza kipande cha kazi kana kwamba ni kazi nzima. Ni kama kushika paja la deraya ukasema nimemshika askari.

Sidhani jibu ni kuiga 501st na kusema hatutavaa kwa pesa kamwe. Wao wengi wana kazi nyingine zinazowalisha. Dada yetu wa mikanda anatafuta kodi ya nyumba kila mwezi, na kumwambia afanye kwa mapenzi ni rahisi kwa asiyedaiwa. Lakini kuna kitu walikielewa: masharti huwekwa kabla, wakati hakuna pesa mezani na watu bado wanapendana. London mwaka 1976 kila mtu alikuwa na haraka ya kuwahi tarehe ya Tunisia, na hayakuandikwa mambo ambayo baadaye majaji wa ngazi tatu walilazimika kuyabashiri. Sisi tulikuwa na haraka ya tamasha.

Wiki iliyopita niliandika ujumbe kwenye kile kikundi cha simu, wa kwanza baada ya miezi. Niliorodhesha majina saba, na mbele ya kila jina kazi aliyofanya na siku alizofanya, kadiri ninavyokumbuka. Nilimwongeza fundi, wa nane. Niliandika kwamba kama tutapata pesa tutagawana kwa kuangalia hiyo orodha, na asiyekubaliana na hesabu yangu aisahihishe. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha yule dada akaandika, "Umesahau nilishona mara mbili, mara ya kwanza mlinipa vipimo vibaya." Nikasahihisha. Mwenye mshahara akaandika kiasi alichotumia, risiti kwa risiti. Mchongaji alisoma, alama zikabadilika rangi, hakusema neno.

Jana nilienda Kariobangi mwenyewe. Niliinua turubai. Kalibu tano ziko sawa, zimeota ukungu kidogo ubavuni. Ya sita, ya uso wa kofia, maji yameiingia na imepata ufa kutoka paji mpaka kidevu. Niliipiga picha nikaituma kwenye kikundi bila maneno.

Mchongaji alipiga simu baada ya dakika tatu. Hakusalimia. "Usiiguse," alisema. "Na usimwache mtu aimwagie plasta juu. Kuna plasta imebaki?"

Nikamwambia haijabaki, itabidi inunuliwe.

"Basi muulize yule," akasema. "Mwambie Jumamosi tutakuwa hapo."